Simba Asiye na Matata na Simba Mwene: The Lion King ya Broadway Mbele ya Habari za Wakilindi

IKISIRI

Makala haya yanasoma The Lion King, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997, sambamba na Habari za Wakilindi, kitabu cha nathari ya Kiswahili kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kazi zote mbili zinasimulia habari za mtu wa ukoo wa watawala anayefukuzwa kwao, akaishi nyikani, kisha akawa mfalme kwa jina la Simba. Tofauti yao kubwa imo katika namna kila kazi inavyoshughulikia miaka ya uhamishoni. Tamthilia ya Marekani huipitisha miaka hiyo kwa wimbo mmoja. Kitabu cha Kiswahili huifanya kuwa ndiyo chanzo cha utawala. Inadaiwa kwamba tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika neno matata, ambalo Broadway imelichukua na kulinyima kazi yake.

Utangulizi

Msafiri anayetoka Handeni kwenda Korogwe huvuka bonde la mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, na mbele yake husimama ukuta wa milima ya Usambara. Nyuma yake kumebaki nchi ya Wazigua na, upande wa magharibi zaidi, milima ya Unguu na Kilindi, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni mpaka wilaya ya Kilindi ilipoanzishwa mwaka 2002. Njia hiyo ndiyo kiunzi cha simulizi mojawapo kubwa kabisa katika nathari ya Kiswahili. Mbegha, mwindaji wa Unguu, alipita upande huo akitoka Kilindi, akavuka Ruvu, akapanda milimani hadi Bumbuli na hatimaye Vugha, akaanzisha ukoo wa watawala walioitwa Wakilindi kwa jina la nchi aliyoikimbia.

Simulizi hiyo iliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi na kutumika miongoni mwa Wakilindi na kuzisikia habari zao kutoka kwao wenyewe. Ilichapwa Magila na Misheni ya UMCA kwa sehemu, ya mwisho ikitoka mwaka 1907. Wasomaji wengi wa leo wameifahamu kupitia toleo la J. W. T. Allen la miaka ya mwanzo ya 1960. Wanahistoria wameitumia sana. Steven Feierman aliifanya kuwa mojawapo ya nguzo za The Shambaa Kingdom (1974). Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wameiacha katika rafu ya historia, kana kwamba kitabu kikishakuwa na ukweli ndani yake hakiwezi tena kuwa na sanaa.

Wakati huohuo, simulizi nyingine ya mfalme simba, yenye majina ya Kiswahili, imezunguka dunia nzima. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka 1994. Tarehe 13 Novemba 1997 ikafunguliwa kama tamthilia ya muziki katika ukumbi wa New Amsterdam, New York, ikiongozwa na Julie Taymor. Mwaka 1998 ilipata tuzo sita za Tony, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki; Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji katika kundi hilo. Makala haya hayadai kwamba watunzi wake walikijua kitabu cha Abdallah bin Hemedi. Watunzi hao wametajwa mara nyingi kuwa wadeni wa Hamlet ya Shakespeare, na deni hilo linatosha. Kinachodaiwa ni kwamba msomaji wa Kiswahili, hasa yule wa Handeni na Korogwe, anazo simulizi mbili za Simba mezani pake, na moja inamsaidia kuiona nyingine.

Afrika katika jukwaa la Marekani

Tamthilia ya muziki ya Marekani imekuwa na Afrika ndani yake tangu mapema. Mwaka 1903 ilionyeshwa In Dahomey, kazi ya Will Marion Cook, Paul Laurence Dunbar na Jesse Shipp, pamoja na wachekeshaji Bert Williams na George Walker. Huo ndio mchezo mrefu wa kwanza wa muziki uliotungwa na kuchezwa na Wamarekani weusi katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Miaka mitatu baadaye wakaleta Abyssinia. Katika michezo hiyo Afrika ilikuwa mahali pa kwendea: pa kuhamia, pa kutapeliwa, pa kuota ufalme ambao Marekani ilimnyima mtu mweusi. Kulikuwa na kejeli nyingi, na baadhi yake ilikuwa imevaa nguo za dhihaka ya kizungu. Hata hivyo walioizungumza Afrika hiyo walikuwa watu, na waliizungumza wakiwa na jambo lao la kudai.

Mwaka 1927 ikaja Show Boat, kisha mwaka 1943 Oklahoma!, na kanuni ikakomaa ambayo wanahistoria wa sanaa hiyo huitaja kwa fahari: wimbo usiwe pambo la kukatiza kisa, uwe sehemu ya kisa. Mhusika aanze kuimba pale ambapo maneno ya kawaida hayatoshi, na anapomaliza kuimba awe amefika mahali ambapo hakuwepo alipoanza. Kwa msikilizaji wa ngano za Kiafrika kanuni hiyo haina ugeni wowote. Katika ngano nyingi ndege anayeimba ndiye anayefichua mauaji, na kibwagizo kinachoitikiwa na hadhira ndicho kinachofungua mlango wa pango. Broadway ilichukua muda mrefu kugundua jambo ambalo bibi yeyote msimulizi alilijua. Hilo lisitumiwe kuidharau, maana ilipoligundua ililifanyia kazi kwa ustadi mkubwa.

The Lion King inakuja mwishoni mwa njia hiyo ndefu na jambo jipya la kushangaza: Afrika isiyo na mtu hata mmoja. Wahusika wote ni wanyama. Taymor alijaribu kulirekebisha hilo kwa mbinu ambayo ndiyo fahari halisi ya onyesho lake. Kinyago cha simba hakifuniki uso wa mwigizaji. Kinakaa juu ya kichwa chake, hivyo mtazamaji anamwona mnyama na mtu kwa pamoja. Fanani wa hadithi hufanya vivyo hivyo anapobadili sauti kuwa sungura huku hadhira ikiendelea kumwona yeye, babu yao, ameketi kwenye kigoda. Kuhusu hili waliolisifu onyesho hawakukosea. Nyimbo za Lebo M, mzaliwa wa Soweto, nazo zililipa onyesho sauti ya kwaya ambayo filamu ilikuwa nayo kwa uchache. Lakini lugha inayotawala katika nyimbo hizo ni Kizulu na ndugu zake wa kusini. Kiswahili kimebakiziwa majina na msemo mmoja.

Majina hayo yanafaa kutazamwa kwa makini kidogo. Simba ni simba, nomino ya kawaida iliyopewa herufi kubwa. Rafiki ni rafiki, na jukwaani Taymor alimfanya kuwa mwanamke. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi ya jangwani, jina zuri ambalo kisa hakilitumii. Pumbaa, yule ngiri, amepewa jina linalotokana na kitenzi cha kupumbaa, na tabia yake inalingana nalo. Linaloumiza ni Shenzi, jina la fisi. Neno mshenzi lilikuwa neno la pwani kwa watu wa bara, likapanda na misafara katika njia hizihizi za bonde la Ruvu, na waliobandikwa jina hilo walikuwa mababu wa Wazigua, Wabondei na Wasambaa. Kulikuta limekabidhiwa kwa kundi la wanyama wanaoishi nje ya mpaka wa ufalme, wenye njaa na wasio na haki ya kuingia, ni jambo la kumfanya msomaji wa Korogwe anyamaze kidogo. Pengine waliolichagua hawakuijua historia yake. Neno lenyewe linaijua.

Matata

Msemo mmoja uliobaki ni hakuna matata. Mengi yameandikwa juu ya umiliki wake, kwa sababu kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kuusajili kuwa alama ya biashara kwa mavazi, ikaandikishiwa mwaka 2003, na mwishoni mwa mwaka 2018 yakazuka malalamiko makubwa dhidi ya usajili huo. Hasira ile ilieleweka, ingawa ilijikita katika duka na kuliacha jukwaa. Swali la mhakiki ni lingine: msemo huu unafanya kazi gani katika kisa?

Unafanya kazi kubwa kuliko wimbo mwingine wowote wa onyesho lile. Mtoto Simba, aliyeaminishwa kwamba amemuua baba yake, anakimbia na kuokolewa na Pumbaa na Timon, mnyama wa jamii ya nguchiro. Wanamfundisha msemo wao. Wimbo unaanza akiwa mtoto, na kabla haujaisha amekwisha kuwa dume lenye manyoya shingoni. Ni matumizi bora kabisa ya ile kanuni ya Oklahoma!: wimbo umesogeza kisa, tena umekisogeza kwa miaka. Ila kilichosogezwa ni umri peke yake. Katika miaka hiyo Simba hakujifunza lolote la utawala, hakumpa mtu kitu, hakuamua shauri la mtu. Alikua tu. Ufalme ulikuwa ukimngoja kwa sababu ya damu yake, na siku aliporudi mvua ilinyesha.

Sarufi ya msemo wenyewe inasaidia kusimamisha wakati. Hakuna ni umbo lisilo na kiambishi cha njeo, halisemi lini. Mtu akilirudia mara kumi hakuna kinachotokea, na ndiyo maana linafaa sana kwa kibwagizo. Nathari ya Abdallah bin Hemedi inasimama upande wa pili kabisa. Inaendeshwa na kiambishi -ka-: akaondoka, akafika, akawinda, akawapa nyama, wakampa unga, akalala, akaondoka tena. Kila tendo linazaa linalofuata, na hakuna hata moja linaloruka mwaka bila kulipia.

Mbegha alianza na balaa kuliko la Simba. Alikuwa kigego, mtoto aliyeota kwanza meno ya juu, na kwa desturi hakupaswa kuachwa hai. Wazazi wake walimlea. Walipokufa, jamaa zake wakamnyima urithi kwa sababu ya meno hayo. Akashika uwindaji, akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko. Rafiki yule akafa porini katika kuwinda nguruwe, na Mbegha akakimbia kwa kuogopa kulaumiwa. Mwenye kulinganisha ataona hapa mambo yanayofanana kwa kiasi cha kustaajabisha: mrithi aliyefukuzwa na ndugu, kifo ambacho lawama yake inamwandama asiye na hatia, na nguruwe wa mwituni. Lakini nguruwe wa Broadway ni rafiki wa kuimba naye, na nguruwe wa Mbegha ni mharibifu wa mashamba ya watu. Anapomuua, anaokoa mazao ya wenyeji na kuwapa nyama. Wao humpa unga. Feierman ameonyesha jinsi kubadilishana huku kwa nyama na unga, nyika na nyumbani, kulivyo moyo wa simulizi nzima. Kwa mhakiki wa fasihi inatosha kuona kwamba uhamisho wa Mbegha una uchumi, na uchumi huo una watu wengi wenye majina ya mahali.

Kisha wenyeji wanaanza kumletea mashauri. Magomvi ya jirani kwa jirani, yaliyokuwa yakiwachosha, anayasikiliza na kuyakata. Sifa yake inapanda mlima kabla yake. Hapa ndipo neno matata linapodai haki yake. Mzizi wake ni tata, hali ya nyuzi kusokotana; kutoka humo tunapata utata, kutatiza na tatizo, na, kwa kinyume chake, kutatua. Matata ni mambo yaliyofungamana yanayomngoja mtu mwenye subira ya kuyafumua. Mbegha anaitwa kuwa mfalme kwa sababu matata yapo, naye anajua kuyatatua. Ukimwambia mzee wa Vugha kwamba hakuna matata, umemwambia kwamba hahitaji mfalme.

Safarini kwenda Vugha, usiku, simba anavamia, na Mbegha anamuua. Watu wanampokea kwa jina la Simba, na jina hilo linakuwa cheo cha wafalme wa Usambara, Simba Mwene. Mpangilio huu ni wa busara sana. Jina linakuja mwisho, baada ya nyama, unga na mashauri. Linatolewa na watu, na linatolewa kwa sababu simba halisi amekufa. Katika onyesho la Marekani jina limekuwepo tangu kuzaliwa, na hakuna anayeweza kulinyang'anya. Mmoja amezaliwa Simba, mwingine amefanywa.

Nchi kukauka na nchi kupona

Ni kweli kwamba simulizi zote mbili zinaunganisha ufalme na mvua. Chini ya Scar nchi inakauka, na akitoweka inapona. Feierman, katika Peasant Intellectuals (1990), ameeleza fikra ya Wasambaa juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Mtu anaweza kusema basi kwamba Broadway, bila kujua, iliifikia falsafa ya Usambara. Kufanana huko ni kwa juu. Katika fikra iliyoelezwa na Feierman, nchi hupona pale nguvu ya mtawala mmoja inapozifunika nguvu nyingine zote. Nguvu zikishindana, njaa huingia. Mvua haiulizi nani ni mtoto halali wa nani. Na mwenye uwezo wa kuleta mvua ndiye mwenye uwezo wa kuizuia, kwa hiyo mfalme mwema na mfalme wa kuogopwa wanaweza kuwa mtu yuleyule. Scar ni mwovu kwa sababu ni Scar. Usambara haikujipa anasa hiyo.

Sehemu za baadaye za Habari za Wakilindi zinalithibitisha hili kwa namna ya kuhuzunisha. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vugha, na Semboja, mtoto wa Kimweri, akiwa Mazinde, chini ya milima katika Wilaya ya Korogwe ya leo, akiipata faida ya njia ya misafara, akamng'oa. Vita vikafuatana. Wabondei wakainuka dhidi ya Wakilindi waliowatawala katika uasi unaoitwa Kiva, na kitabu kinauelezea kirefu. Kwa hiyo kitabu kilichoanza na watu kumpa mtu ufalme kinafika mahali ambapo watu wanautaka urudi. Hakuna duara la uhai hapa la kumfariji mtazamaji. Kuna hesabu inayodaiwa.

Haifai, hata hivyo, kukigeuza kitabu hiki kuwa sauti safi ya wananchi. Mwandishi alikula chakula cha watawala, na hadithi ya Mbegha anayependwa na kila kijiji ina harufu ya baraza la Wakilindi. Kila ukoo unaotawala hupenda kukumbuka kwamba uliombwa. Jambo la kuvutia ni kwamba propaganda yenyewe ililazimika kutumia lugha ya kutoa na kutatua ili isadikiwe. Wakilindi waliona haitoshi kusema walizaliwa. Broadway iliona inatosha, na tangu mwaka 1997 watazamaji wa jamhuri isiyo na mfalme wamekuwa wakisimama kushangilia mrithi wa damu. Hilo ni fumbo la Marekani yenyewe, na Wamarekani ndio wenye kulifumbua.

Jukwaa linalongoja

Ukumbi wa Tanzania umekwisha kuwapokea watu wa historia wenye uzito kama wa Mbegha. Ebrahim Hussein alimleta Kinjeketile mwaka 1969. Mugyabuso Mulokozi akamleta Mkwawa katika Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Emmanuel Mbogo akamleta Ng'wanamalundi na ngoma yake. Mwandishi atakayemleta Mbegha atakutana na ugumu ambao watatu hao hawakuwa nao kwa kiwango hicho. Kinjeketile na Mkwawa wana adui anayeonekana na vita vyenye tarehe. Mbegha ana safari, mizigo ya nyama na mashauri ya watu wa kawaida, mambo ambayo jukwaa huyachoka upesi. Kishawishi kitakuwa kuiga Broadway: ngoma kubwa usiku wa simba, mwanga mwekundu, pazia.

Usiku wa simba utajiimbia wenyewe, hata bila msaada. Penye kuhitaji muziki ni pale Broadway iliporuka, yaani katika miaka ya nyama na unga. Wimbo wa hapo hauwezi kuwa wa Mbegha, kwa sababu yeye bado ni mgeni, na hajui kama atalala salama. Ni wimbo wa wale waliokuja na unga vikapuni, wanaompima huku wakiimba, ubeti baada ya ubeti, kijiji baada ya kijiji, na kila ubeti unaongeza shauri moja ambalo halijakatwa. Mtunzi atalazimika kuamua ni mashauri mangapi hadhira ya Korogwe itavumilia kuyasikia kabla ya simba kuingia, na ni lipi litakaloachwa bila kukatwa hadi sehemu ya Kiva, ambapo waimbaji walewale watarudi bila vikapu.